Mkono bandia unajuaje ukaze kiasi gani?

Kwenye kibaraza cha kahawa pale Ngamiani mtu hushika kikombe kidogo cha moto kwa vidole vitatu, akanywa, akakirudisha, kisha akanyanyua ndoo ya lita 20 na kwenda zake. Hafikirii. Kikombe na kahawa yake ni kama gramu 150, ndoo ikijaa ni kilo 20 na ushei, na mkono ule ule umejua kulegeza pale na kukaza hapa. Mkono huo ukikatwa chini ya kiwiko, ukawekwa wa bandia wenye mota, mota itajuaje ikaze kiasi gani?

Tanga swali hili lina wenyewe. Mashine ya kusindika mkonge, ile inayoitwa korona, hukwangua jani kwa ngoma yenye visu butu inayozunguka kwa kasi, na kazi ya kulisha majani hufanywa karibu na mdomo wake. Kuna ajali za bodaboda, kuna majeraha ya moto, kuna watoto wanaozaliwa bila kiganja. Wengi wa hawa wana kigutu chenye misuli mizima kuanzia kiwiko hadi pale mfupa ulipoishia. Misuli hiyo bado inapokea amri kutoka kwenye ubongo, na amri hizo zina umeme unaoweza kupimwa juu ya ngozi.

Hapo ndipo kazi inapoanza, na hapo ndipo wengi wanaoijaribu kwa mara ya kwanza wanapopotea. Wanadhani umeme wa msuli ni kipimo cha kani, kama vile mshale wa mizani ulivyo kipimo cha uzito. Sivyo. Umeme huo ni alama ya amri iliyoupata msuli. Kati ya amri na kani inayotokea vidoleni pana mambo mengi: urefu wa msuli kwa wakati huo, uchovu, mkao wa kiwiko, mafuta chini ya ngozi, jasho, hata namna soketi, yaani kikombe cha mkono bandia kinachovaliwa juu ya kigutu, ilivyokaa asubuhi hiyo. Kukadiria kani kutokana na umeme ni kujenga daraja juu ya mambo hayo yote, na daraja hilo hujengwa kwa kila mtu peke yake.

Umeme unatoka wapi

Neva moja ya mwendo hushika kundi la nyuzi za msuli. Neva ikitoa mshtuko, nyuzi zote za kundi lake hushtuka pamoja. Ukitaka kukaza kidogo, ubongo huita makundi madogo kwanza. Ukizidi kukaza, makundi makubwa huongezwa, na yale yaliyokwisha itwa huharakisha mishtuko yake, kutoka kama 8 kwa sekunde hadi 30 au zaidi. Elektrodi, yaani kipande cha kupokea umeme, iliyobandikwa juu ya ngozi husikia jumla ya mishtuko ya makundi mengi yasiyoenda pamoja, kama mtu aliyesimama nje ya ukumbi wa ngoma anayesikia vishindo vyote bila kujua nani amepiga kipi. Ndiyo maana ishara ghafi huonekana kama fujo tupu inayopanda na kushuka kuzunguka sifuri.

Ukubwa wake ni mdogo mno. Msuli ukikazwa kidogo, ishara huwa makumi ya mikrovolti. Ukikazwa kwa nguvu zote hufika milivolti chache. Masafa yake yako kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 20 na 450 hivi, na sehemu kubwa ya nguvu yake iko kati ya 50 na 150. Shika namba hizi, kwa sababu karibu kila uamuzi wa vifaa unatokana nazo. Umeme wa TANESCO ni wa hezi 50, yaani mlio wake umekaa ndani ya eneo tunalolitaka. Ukiuondoa kwa chujio kali la hezi 50 unakata na nyama ya ishara yenyewe. Ni bora kuzuia mlio usiingie tangu mwanzo: waya fupi zilizosokotwa pamoja, elektrodi zinazogusa vizuri, na kifaa kinachotumia betri.

Wazo lenyewe ni la zamani. Reinhold Reiter alionyesha mkono bandia unaoendeshwa na umeme wa misuli huko Ujerumani katika miaka ya 1940, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1948. Miaka kama kumi na zaidi baadaye Warusi, Alexander Kobrinski akiwa miongoni mwao, walitoa mkono wa aina hiyo uliotumia transista na ukavaliwa na watu nje ya maabara. Mikono hiyo ya mwanzo ilijua kufunga na kufungua. Swali la "kiasi gani" ndilo lililobaki gumu.

Kani inayohitajika kweli

Kabla ya kugusa waya, jua unalenga nini. Chukua glasi ya maji yenye jumla ya gramu 450. Uzito wake ni kama nyutoni 4.4. Ikishikwa pande mbili, kidole gumba upande huu na vidole viwili upande ule, msuguano wa pande zote mbili ndio unaoizuia isiteleze. Kiwango cha msuguano kati ya raba na glasi kavu kikiwa 0.5, kila upande unahitaji kusukuma kwa nyutoni 4.4 (4.4 gawa kwa 2 mara 0.5). Glasi ikilowa na msuguano ukashuka hadi 0.25, kani inayohitajika inaruka hadi 8.8. Ukiongeza akiba ya nusu nzima unafika nyutoni 13. Kiganja cha mwanaume mzima hutoa nyutoni 400 hadi 500 akikaza kwa nguvu zote, na mikono bandia ya umeme inayouzwa hutoa kama 100.

Kwa hiyo shughuli nyingi za siku, kuanzia kikombe, chungwa la Muheza, chupa laini ya maji hadi simu, zinaishi chini ya nyutoni 20. Hapa chini ndipo ishara inapokuwa dhaifu, ndipo kelele zinapoifunika, na ndipo makosa yanapoonekana: chupa inabonyea, yai linapasuka. Mfumo unaokadiria vizuri nyutoni 80 lakini unayumba kwenye 5 haujamsaidia mtu.

Elektrodi, amplifaya na yale yanayoharibika

Kwa kigutu cha chini ya kiwiko, sehemu mbili za ngozi zinatosha kuanza. Moja ni upande wa ndani wa mkono wa mbele (kati ya kiwiko na kifundo), penye misuli inayokunja vidole na kifundo; nyingine ni upande wa nje, penye misuli inayonyoosha. Usizitafute kwa rula pekee. Mwambie mwenye kigutu afumbe ngumi ya mkono usiokuwepo, kisha papasa kwa vidole kama theluthi moja ya mkono wa mbele kutoka kiwikoni: pale nyama inapojaa na kuwa ngumu ndipo penyewe. Wengi bado wanahisi mkono uliokatwa na wanaweza kuufumba kwa hisia. Asiyeweza siku ya kwanza huweza baada ya mazoezi, hasa akifumba mikono yote miwili kwa pamoja.

Kila sehemu huwekwa elektrodi mbili zilizopangwa kufuata urefu wa nyuzi za msuli, katikati hadi katikati milimita 20. Elektrodi ya tatu, ya marejeo, hukaa juu ya mfupa wa kiwiko ambapo hakuna msuli. Ukizipanga mbili zile kukatisha nyuzi, ishara hupungua sana. Ukizitenganisha mno, zinaanza kusikia misuli ya jirani. Mkono wa mbele ni mwembamba na misuli yake imebanana, kwa hiyo kuvuja kwa ishara kutoka upande wa kunyoosha kwenda upande wa kukunja hakukwepeki kabisa. Tutaona chini namna ya kuishi nako.

Ngozi isafishwe kwa spiriti na pamba, ikaushwe, na kwa majaribio ya mezani tumia elektrodi za kubandika zenye jeli, zile za kupimia moyo hospitalini. Ndani ya soketi ya kuvaliwa kila siku hutumika vifungo vya chuma kisichoshika kutu, bila jeli.

Sasa amplifaya. Ishara ya milivolti 1 inahitaji kukuzwa kama mara 1,000 ili ifike volti 1 inayosomeka vizuri. Kosa la kawaida ni kukuza mara 1,000 kwa mkupuo katika hatua ya kwanza. Elektrodi zenyewe, zinapogusa ngozi, hujenga volti tuli inayoweza kufika mamia ya milivolti, na tofauti kati ya elektrodi mbili zisizolingana ikikuzwa mara 1,000 inaijaza amplifaya hadi ukomo. Unaona mstari ulionyooka na unadhani msuli umekufa. Kuza mara 10 hadi 20 kwanza kwa amplifaya ya tofauti, inayokuza tofauti kati ya elektrodi mbili tu, kama chipu ya INA128 au INA333, kisha pitisha kwenye chujio linalozuia yaliyo chini ya hezi 20, ndipo ukuze tena. Chujio hilo la hezi 20 linafanya kazi mbili: linatupa volti tuli, na linatupa mitikisiko ya waya na ngozi, ambayo mingi iko chini ya hapo.

Kuna moduli ya bei nafuu ya AD8232 ambayo hununuliwa sana na wanafunzi kwa sababu inafanana na kinachohitajika. Imetengenezwa kwa ajili ya moyo, na kama inavyouzwa hupitisha hezi 0.5 hadi 40 tu. Sehemu yenye utajiri wa ishara ya msuli imekatwa nje, na mitikisiko imeachwa ndani. Mtu anapata kitu kinachopanda akikaza na anafurahi, lakini kinachopanda humo kwa sehemu kubwa ni mtikisiko wa waya. Sensa iliyotengenezwa kwa misuli, kama MyoWare, ni mwanzo bora, na ichukue ile njia yake ya ishara ghafi ukitaka kuchuja mwenyewe.

Kusoma ishara kwa kompyuta ndogo kunataka vipimo 1,000 kwa sekunde au zaidi kwa kila njia, kwa sababu ishara inafika hezi 450 na lazima usome zaidi ya mara mbili ya hapo. ADS1115, chipu ya kusoma volti inayopendwa kwa usahihi wake, haivuki vipimo 860 kwa sekunde, na ukisoma njia mbili unagawana hizo 860. Haifai kwa ishara ghafi. Kompyuta ndogo ya Arduino Uno husoma kwa hatua za kama milivolti 4.9, baada ya kukuza mara 1,000 hatua hiyo ni sawa na mikrovolti 4.9 kwenye ngozi, inayotosha. Usomaji upangwe kwa saa ya ndani ya chipu, usiachwe uende kwa kasi ya programu, maana programu ikisitasita kuchapisha namba kwenye skrini, vipimo vinaachana na chujio zako zote zinakuwa za uongo.

Jambo la usalama lisirukwe: mtu aliyebandikwa elektrodi asiunganishwe kamwe na kompyuta iliyochomekwa ukutani. Chomoa chaja, tumia betri. Utaona pia mlio wa hezi 50 umepungua papo hapo.

Kutoka fujo hadi namba moja

Ishara iliyochujwa bado inacheza juu na chini ya sifuri, na wastani wake ni sifuri. Tunachotaka ni ukubwa wa mchezo wake. Chukua vipimo 200 vya mwisho (sekunde 0.2), toa wastani wao, zidisha kila kimoja kwa chenyewe, tafuta wastani, kisha kipeuo cha pili. Rudia hesabu kila baada ya milisekunde 20 hadi 50 ukisogeza dirisha mbele. Namba inayotoka tuiite ukubwa, A.

Upana wa dirisha ni mvutano kati ya utulivu na wepesi. Kwa kuwa ishara ni fujo, A hutikisika hata msuli ukiwa umetulia kwenye mkazo mmoja. Ili mtikisiko upungue nusu, dirisha linapaswa kupanuliwa mara nne. Lakini dirisha la sekunde 0.4 linaleta ucheleweshaji ambao mvaaji anauhisi: anakaza, hakuna kitu, anakaza zaidi, kisha vidole vinabana ghafla kupita kiasi. Utafiti wa udhibiti wa mikono hii umeonyesha kwamba ucheleweshaji wa milisekunde 100 hadi 125 ni mahali pazuri pa kukaa, na ukivuka 300 mtu anaanza kupigana na mkono wake. Dirisha la milisekunde 150 hadi 200 huwa maafikiano ya busara, kwa sababu wastani wa umri wa vipimo vilivyomo ni nusu ya upana huo.

Njia nyingine ya kupunguza mtikisiko, isiyoongeza ucheleweshaji, ni kuongeza jozi za elektrodi juu ya msuli ule ule na kuchukua wastani wa ukubwa wao. Nafasi ikiruhusu ndani ya soketi, jozi mbili za kukunja zina thamani kuliko programu yoyote ya werevu.

Halafu toa kelele. Msuli ukiwa umelegea kabisa A haiwi sifuri. Inabaki kwenye thamani ya mapumziko, tuseme mikrovolti 6. Wengi hutoa 6 moja kwa moja. Lakini kelele na ishara, kwa kuwa hazihusiani, hujumlishwa kwa miraba. Ukisoma 10 na mapumziko ni 6, ishara ya kweli ni kipeuo cha pili cha 100 toa 36, yaani 8. Ukitoa moja kwa moja unapata 4, nusu ya ukweli. Kwenye mkazo mkubwa kosa hili halionekani. Kwenye kikombe cha kahawa linaonekana sana.

Mwishowe gawa kwa ukubwa wa juu. Mtu akikaza kwa nguvu zote akapata 300, basi 150 ni 0.5 na ile 8 ni 0.027. Namba hii kati ya 0 na 1 tuiite x. Haina kipimo cha umeme tena na inaweza kulinganishwa siku kwa siku.

Kuibadili x kuwa nyutoni

Hapa tunahitaji kipimo halisi cha kani. Kipande cha chuma kinachopima uzito, kile kilichomo ndani ya mizani ya kielektroniki ya dukani, kinapatikana cha kilo 50, na chipu ya HX711 hukisoma mara 10 au 80 kwa sekunde. Chagua 80, kwa 10 huwezi kufuata kani inayopanda haraka. Kisawazishe kwa vitu unavyovijua uzito: chupa zenye lita 1, 2 na 5 za maji, ukikumbuka kuongeza uzito wa chupa yenyewe. Kila kilo ni nyutoni 9.81. Kifunge kati ya mbao mbili ili mtu aweze kukibana kama anavyobana mpini.

Zoezi lenyewe liende hivi. Sekunde 10 za kupumzika, urekodi mapumziko. Kisha mikazo mitatu ya nguvu zote, sekunde 3 hadi 5 kila mmoja, na dakika 2 za kupumzika katikati, chukua mkubwa. Baadaye mwonyeshe mtu mstari kwenye skrini na umtake ashike kani ya asilimia 5, 10, 20, 30, 40 na 60 ya kani yake ya juu, sekunde 5 kila moja, kwa mpangilio uliochanganywa. Ukipanda ngazi kwa mfuatano, uchovu unajificha ndani ya jedwali lako kana kwamba ni tabia ya msuli. Tupa sekunde ya kwanza ya kila mkazo. Tupa pia kishawishi cha kuruka asilimia 5 na 10 kwa sababu zinaonekana ndogo. Hizo ndizo za kila siku.

Ukichora x kwa kani utaona mara nyingi mstari uliopinda: mwanzoni kani hupanda haraka, baadaye umeme unapanda zaidi kuliko kani. Umbo F = K × x kwa kipeo b hulichukua vizuri. Mfano: K ni nyutoni 240 na b ni 0.8. Kwenye x ya 0.5 unapata nyutoni 138. Mstari ulionyooka ungesema 120. Kwenye x ya 0.1 unapata 38. Mstari ulionyooka ungesema 24. Kosa la 14 si kubwa kwa ndoo, lakini kwa glasi ni glasi nzima.

Kisha kuna misuli ya kunyoosha. Mtu akikaza ngumi, misuli ya nyuma ya mkono hukaza pia ili kifundo kisikunjike. Ukisoma upande wa kukunja peke yake, mtu aliyekakamaa pande zote mbili kwa wasiwasi ataonekana anabana sana kumbe kani ni ndogo. Weka njia zote mbili kwenye hesabu: F = a × x ya kukunja toa c × x ya kunyoosha, na uache hesabu ya miraba midogo, inayotafuta namba zenye jumla ndogo zaidi ya miraba ya makosa, ichague a na c kutoka kwenye data. Kompyuta ikikupa c yenye alama ya kinyume, usishtuke. Maana yake kwa mtu huyo pande mbili hupanda pamoja kiasi kwamba zote zinatabiri kani, au ishara inavuja. Rekodi pia mikazo ya kunyoosha peke yake na ya kukakamaa bila kubana kitu, uiingize kwenye data, na alama itajirekebisha.

Mitandao ya neva bandia, yaani programu zinazojifunza zenyewe kutoka kwenye data, inaweza kufanya haya yote bila wewe kuchagua umbo, na kwa njia nane za elektrodi inashinda. Kwa njia mbili, na data ya dakika kumi, inajifunza zaidi namna elektrodi zilivyokaa mchana huo kuliko namna mtu anavyobana. Jaribio la haki si kukata data ya kikao kimoja vipande viwili. Vua kila kitu, vaa tena kesho, nyanyua mkono juu ya bega, kisha pima kosa. Mfumo mwingi unaojivunia asilimia 95 mezani huanguka hapo.

Na asiye na kiganja tunampima nini?

Yote hayo juu yamedhani kuna mkono wa kubana kipimo. Mwenye kigutu hana. Misuli yake inajikunja bila kuvuta kidole chochote. Kani ya mshiko haipo popote duniani ya kulinganishwa nayo. Njia inayotumika ni kumpa kipimo kwenye mkono mzima na kumtaka afumbe yote miwili kwa nguvu sawa: umeme unasomwa kwenye kigutu, nyutoni zinasomwa kwenye mkono mzima. Aliyepoteza mikono yote hufuata mstari wa skrini tu, akikaza "robo", "nusu", "robo tatu" kwa hisia yake.

Ukitafakari, hapa tumeacha kukadiria kani. Tunakadiria nia. Na hili linapunguza mzigo kuliko linavyouongeza, kwa sababu mvaaji hahitaji x ya 0.3 iwe nyutoni 92 kamili. Anahitaji mambo matatu: akikaza zaidi, mkono ubane zaidi bila kurudi nyuma; akikaza vilevile kesho, upatikane mshiko ule ule; na eneo la chini liwe pana kiasi cha kuweza kuchagua kati ya glasi na chupa laini. Macho yake na sauti ya mota vitamfundisha yaliyobaki ndani ya siku chache. Kwa sababu hiyo, ukilazimika kuchagua kati ya usahihi wa namba na utulivu wa siku hadi siku, chagua utulivu.

Joto, jasho na soketi

Wakati wa kaskazi, Tanga mtu hulowa hata akikaa kivulini, na ndani ya soketi hakuna upepo. Jasho lina hatua mbili. Mwanzoni linasaidia: vifungo vya chuma kwenye ngozi kavu havigusi vizuri, A inarukaruka, mlio wa hezi 50 uko juu; unyevu ukija mambo yanatulia. Ndiyo maana ni vizuri kulowesha ngozi kidogo kwa maji kabla ya kuvaa badala ya kusubiri dakika kumi za mkono wenye kichaa. Baadaye jasho likizidi hutandaza utando wa chumvi unaounganisha elektrodi mbili, umeme unapita njia ya mkato, na A inashuka ingawa msuli unakaza vilevile. Mvaaji anakaza zaidi, anachoka, na kadiri msuli unavyochoka A hupanda kwa kani ile ile. Makosa mawili yanavutana kinyume na hakuna fomula ya jana itakayoyajua yote mawili.

Dawa zake ni za mikono. Futa vifungo na ngozi kwa kitambaa mchana. Toboa soketi matundu mbali na elektrodi. Na wekea mkono utaratibu wa kujisawazisha ambao mvaaji anaufanya mwenyewe: kitufe kimoja, sekunde 5 alegee, sekunde 3 akaze kwa kiasi anachoona kizuri, mara mbili. Hili lina uzito wa pekee hapa, kwa sababu soketi na marekebisho yake ni kazi ya fundi viungo bandia aliyesomea, na chuo kinachowafundisha nchini, TATCOT, kiko KCMC Moshi. Mtu wa Pangani au Lushoto hawezi kupanda basi kupitia Same kila kipimo kinapoteleza.

Uzito nao hutenda. Ukinyanyua ndoo, soketi huvutwa chini, kifungo kimoja kinaachana na ngozi, na elektrodi iliyoachana haisomi sifuri: inasomba mlio wa hezi 50 na mitikisiko mikubwa, ambayo programu isiyojua huiona kama mkazo wa nguvu zote. Ikiwa ni elektrodi ya kunyoosha, kiganja kinafunguka na ndoo iko hewani. Programu lazima itambue hali hii. Ishara ghafi ikigonga ukomo wa juu au wa chini, au nguvu ya hezi 50 ikiwa sehemu kubwa kupita kawaida ya ishara yote, mkono usimame ulipo na usitii amri yoyote hadi hali irudi.

Mkao wa mkono ni mwizi mwingine. Kiwiko kikinyooka, au kiganja kikigeuzwa kutazama chini, misuli inateleza chini ya ngozi na elektrodi sasa inasikiliza nyama nyingine. Sentimita moja ya kuteleza inatosha kubadili A kwa kiasi kikubwa. Sawazisha katika mikao minne au mitano, si mezani tu: mkono chini ubavuni, mbele ya kifua, juu ya bega, ukiwa umebeba kilo mbili. Chukua data zote pamoja. Kosa la mezani litaongezeka kidogo, na kosa la nyumbani litapungua sana.

Kuikabidhi mota

Makadirio yakishakuwa tayari, yasiende moja kwa moja kwenye mota. Weka kizingiti: chini ya x ya 0.08 hakuna kinachotokea. Weka viwili vinavyoachana, kuanza kwa 0.12 na kuacha kwa 0.08, ili mkono usitetemeke mtu akiwa mpakani. Vidole vinapokuwa hewani, x iamue kasi ya kufunga. Vikigusa kitu, ambapo mkondo wa mota hupanda ghafla au sensa ya kidole gumba inahisi, x iamue kani. Bila mgawanyo huo vidole hufika kwenye glasi kwa kasi na kuigonga kabla kani haijadhibitiwa.

Usimlazimishe mtu kukaza kwa nguvu zote ili apate nyutoni 100. Panga x ya 0.4 itoe kani yote ya mkono. Misuli inayofanya kazi chini ya asilimia 40 huchelewa kuchoka, na mvaaji wa siku nzima atakushukuru jioni. Tumia gia za skrubu au za minyoo, ambazo hazirudi nyuma zikisukumwa. Kani ikishafikiwa mota inazimwa, mshiko unabaki, na msuli unapumzika. Mtu anashika mfuko kutoka sokoni Mgandini hadi Chumbageni bila kukaza hata chembe, na anatoa ishara tena tu akitaka kufungua.

Mota yenyewe ni adui wa elektrodi. Brashi zake hutoa cheche, na mipigo ya kudhibiti kasi huingia kwenye waya za ishara. Mpe mota njia yake ya umeme kutoka kwenye betri, weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya ncha zake, sokota waya zake, na endesha mipigo kwa hezi 20,000 au zaidi, mbali na eneo la ishara na juu ya sikio la mtu. Kisha fanya kipimo kimoja rahisi kabla ya kumvalisha yeyote: mtu alegee kabisa, endesha mota kwa amri ya kompyuta ikifungua na kufunga, na utazame A. Ikipanda mota inapozunguka, mkono huo utajifunga wenyewe siku moja, kwa sababu utakuwa unajisikiliza wenyewe.